SOMO: Kuimarisha springi na ekseli za pikapu ya shamba ukiwa nyumbani

Najua mmezoea tukikutana hapa tunaongea habari za mbegu, kantangaze na mbolea ya kukuzia. Leo nageuka kidogo, tunaongea habari za gari linalotoa mazao shambani. Mtu anaweza kuuliza, bwana shamba na springi wapi na wapi? Jibu langu ni hili: nyanya haziharibikii shambani tu, nyingine zinaharibikia njiani. Na sio nyanya peke yake, hata watu.

Nianze na kisa ambacho kwa kweli kinaniuma mpaka leo. Huku kwetu milima ya Usambara kuna mzee mmoja ninayemwita baba mkubwa kwa heshima. Ana Hilux ya zamani, four wheel, ndiyo inayoshusha mboga za kijiji kizima mpaka Soni. Msimu mmoja gari lilikuwa linainama sana nyuma likipakiwa. Akaenda mjini, akarudi limeongezwa pati nne kila upande. Mkia ukanyanyuka juu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Hapo safi baba mkubwa, sasa hii ni lori."

Wiki ileile nikamuomba atubebee mbolea ya kikundi. Mifuko 30 ya kilo 50. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni kilo 1,500, na juu ya mifuko wakakaa vijana wanne. Gari halikuinama. Ndo maana hakuna aliyeshtuka. Kwenye mteremko wa kuingia kijijini, tairi la nyuma kushoto likachomoka pamoja na hafu shafti yake. Gari likalalia ukingo wa barabara. Mjukuu wake akavunjika mguu. Alipona, lakini anachechemea. Fundi alipofungua akakuta beringi ilishakufa siku nyingi, imeungua mpaka rangi imebadilika.

Baada ya pale nilikaa na mafundi, nikauliza, nikasoma vitabu vya gari, nikashika spana mwenyewe. Nilichojifunza nakiandika hapa. Ukikumbuka jambo moja tu kwenye somo hili, likumbuke hili: springi ngumu haiongezi uwezo wa ekseli. Inaondoa tu dalili ya kwamba umezidisha. Gari linapoinama linakuambia limechoka. Sisi tulilinyamazisha, halafu tukalipakia.

1. Elewa nani anabeba mzigo

Mzigo unaoweka kwenye bodi unapita hivi: bodi, chesisi, springi, ekseli, beringi, rimu, tairi, halafu ardhi. Na wakati wa kushuka mlima, breki ndizo zinazouzuia mzigo huohuo usikukimbie.

Ni kama tunavyobeba mgonjwa kwa machela kutoka bondeni. Watu wanne. Watatu wakiwa na nguvu za ng'ombe na mmoja magoti yake mabovu, mgonjwa ataanguka upande wa yule mmoja. Kumpa chakula zaidi yule mwenye nguvu hakusaidii. Kuongeza pati ni kumshibisha mmoja tu.

2. Ekseli yako ni ya aina gani?

Hapa ndo watu wengi wanakosea, kwa sababu pikapu zote kwa nje zinafanana. Ekseli za nyuma za magari yetu ziko za aina mbili.

*Aina ya kwanza:* hafu shafti inafanya kazi mbili. Inazungusha tairi na inabeba uzito wa gari. Tairi limefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha shafti, na beringi imekaa juu ya shafti yenyewe. Hilux nyingi ziko hivi nyuma. Shafti ikikatika upande wa nje, au beringi ikisagika, tairi linaweza kuondoka nayo. Ndicho kilichompata baba mkubwa.

*Aina ya pili:* uzito unabebwa na hab yenye beringi mbili, iliyokaa juu ya bomba la ekseli. Shafti inazungusha tu. Land Cruiser za mzigo kama 75 na 79 ziko hivi nyuma, na Land Rover za shamba kama 109 na Defender nyingi pia. Shafti ikikatika, tairi linabaki mahali pake.

*Utaijuaje?* Chuchumaa pembeni ya tairi la nyuma uangalie katikati ya rimu. Ukiona kichwa cha hab kimetokeza nje na kimezungukwa na nati au bolti zake ndogo, tofauti na nati za tairi, hiyo ni aina ya pili. Ukiona katikati ni bapa, hakuna kilichotokeza, hiyo ni aina ya kwanza. Kwenye aina ya kwanza usicheze kabisa na uzito.

3. Pima kabla ya kununua chochote

Chukua futi kamba, daftari na kalamu. Egesha gari tupu sehemu tambarare, matairi yakiwa na upepo sawasawa. Pima mambo haya:

- Kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu yake, matairi yote manne. Andika.
- Nafasi kati ya ekseli na raba ya kugongea iliyopo kwenye chesisi juu yake. Andika.
- Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena vilevile.

Kulia na kushoto zikitofautiana zaidi ya sentimita 2 gari likiwa tupu, kuna pati imevunjika, bushi imeisha au springi ya upande mmoja imechoka. Hilo ni tatizo la kurekebisha, sio la kuongeza pati.

Sasa pima mzigo. Tusidanganyane kwa kuhesabu magunia, lumbesa zetu tunazijua. Chukua tenga moja au gunia moja, lipime kwenye mizani ya mnunuzi, halafu zidisha.

Mfano: kitabu cha gari kinasema uwezo wa kubeba ni kilo 1,000. Hiyo kilo 1,000 ni pamoja na watu. Dereva na wenzake wawili, tuseme kilo 70 kila mmoja, ni kilo 210. Zinabaki 790. Tenga la nyanya ukilipima ukakuta kilo 45, basi mwisho wako ni matenga 17, ambayo ni kilo 765. La kumi na nane linasubiri safari ya pili. Na ukishafunga keji nzito ya chuma kwenye bodi, uzito wake nao unatoka humohumo.

Angalia na matairi. Ubavuni kuna namba ya uwezo. Tairi lililoandikwa 100 linabeba mpaka kilo 800. Lililoandikwa 112 linabeba mpaka kilo 1,120. Mawili ya nyuma yenye namba 100 yanabeba kilo 1,600 jumla, na humo kuna uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma. Pikapu nyingi zinatoka mjini zimevalishwa matairi ya gari dogo. Hayo badilisha kabla hujagusa springi.

4. Hesabu ndogo ya pati

Springi ikiwa na pati 5 za unene mmoja, ukiongeza moja ya unene uleule, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 20. Ukiongeza nne, kama baba mkubwa, unapanda kwa karibu asilimia 80.

Unene ndo hatari zaidi. Ugumu wa pati unakwenda na unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Yaani ukitoa pati ya milimita 7 ukaweka ya milimita 8, milimita moja tu, pati hiyo inakuwa ngumu kwa karibu nusu zaidi. Kwa hiyo usiokote pati ya lori gereji ukaipachika kwa sababu eti "chuma ni chuma".

Na springi ngumu kupita kiasi ina gharama yake. Gari likiwa tupu linarukaruka, tairi linaachia ardhi kwenye mabati ya barabara, breki hazishiki vizuri. Likiwa na nyanya, kila shimo linapita moja kwa moja mpaka kwenye tenga. Zile za chini zinafika sokoni zimekuwa supu, na mnunuzi anakukata bei. Baba mkubwa alikuwa analalamika nyanya zinapasuka tangu abadilishe springi, na mimi nikamwambia ni aina ya mbegu! Kumbe ni gari.

*Ushauri wangu:* pati moja kila upande inatosha kwa wakulima wengi, tena baada ya kurekebisha vilivyochoka. Kama unabeba mzigo mzito kila siku, nunua seti nzima iliyotengenezwa kwa uzito huo. Kama unabeba mara moja kwa wiki, baki na springi za kawaida zikiwa nzima.

5. Kwanza rudisha gari kwenye hali yake

Kabla ya kuongeza chochote, kagua hivi. Mara nyingi ukimaliza orodha hii unakuta gari haliinami tena.

- *Bushi za springi.* Ingiza mtaimbo mdogo karibu na jicho la springi, sukuma. Ikicheza, raba imekwisha.
- *Sheko*, kile kipande kinachobembea mwisho wa springi. Kikiwa kimelala kabisa au kimekakamaa kwa kutu, springi haiwezi kunyooka inapobeba.
- *Pati.* Osha, piga brashi ya waya, tafuta nyufa, hasa kwenye tundu la katikati na pale ncha ya pati ya chini inapoishia.
- *U-bolti.* Ukiona kutu nyekundu kama unga kati ya springi na ekseli, zimelegea.
- *Shokapu.* Ikivuja mafuta imekufa. Na shokapu haibebi mzigo, kazi yake ni kutuliza mrukaruko. Kuweka shokapu ngumu ili gari lisiiname ni kupoteza hela.

ZINGATIA: pati iliyopasuka haichomelewi. Iliyonyooka haipashwi moto ikunjwe upya nyumbani. Mnawajua wahunzi wetu wanaotengeneza majembe na mapanga kwa pati za magari. Wao wakitaka kile chuma kiwe laini wakikunje, wanakitia motoni. Kikishapoa hivihivi hakina tena ile nguvu ya kurudi. Welding inafanya jambo baya zaidi, inaacha sehemu moja laini na jirani yake imekakamaa kama kioo, hapo ndo inapokatikia.

6. Kuongeza pati hatua kwa hatua

*Vifaa:* jeki yenye nguvu, stendi mbili za chuma, vizuizi vya matairi, vibano viwili vikubwa vya kukaza kwa skrubu, seti ya spana na boksi, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, senta bolti mpya mbili, U-bolti mpya nne, bushi mpya, pati mbili za upana na mkunjo unaolingana na zako. Ukipata spana yenye kipimo cha kukazia, azima. Na uwe na mwenzako. Usifanye kazi hii peke yako.

*Hatua ya 1.* Siku mbili kabla, pulizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu.

*Hatua ya 2.* Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare, gari likiwa tupu. Zuia matairi ya mbele, mbele na nyuma yake. Legeza nati za tairi kidogo lingali chini.

*Hatua ya 3.* Nyanyua nyuma, weka stendi chini ya chesisi, mbele kidogo ya pale springi inapoanzia. Tikisa gari. Likitikisika kwenye stendi, shusha upange upya. Halafu toa tairi, weka jeki chini ya ekseli iibebe tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala matofali. Tofali linapasuka bila taarifa.

*Hatua ya 4.* Fanya upande mmoja umalize ndipo uhamie wa pili. Upande uliobaki umefungwa unaishikilia ekseli isihame.

*Hatua ya 5.* Fungua mguu wa chini wa shokapu, fungua U-bolti, toa sahani yake. Kama springi iko juu ya ekseli, kama kwenye Hilux nyingi za four wheel, shusha ekseli taratibu mpaka springi iwe huru. Macho yako yawe kwenye hozi ya breki, isivutwe.

*Hatua ya 6.* Fungua bolti ya jicho la mbele na sheko ya nyuma, toa springi. Ni nzito, ishikeni wawili.

*Hatua ya 7.* Hapa tulia. Pati zimebanwa zikiwa na nguvu ya kutaka kufumuka. Funga vibano viwili, kimoja kila upande wa senta bolti, ndipo uifungue hiyo bolti. Kisha legeza vibano kwa zamu, kidogo kidogo, umesimama pembeni. Usiiname juu yake.

*Hatua ya 8.* Safisha pati zote. Ingiza mpya kwenye nafasi yake kwa urefu, ndefu juu, fupi chini. Ile pati nene iliyonyooka inayokaa chini kabisa ibaki chini, inaanza kazi mzigo ukiwa mkubwa tu. Kaza kwa vibano, weka senta bolti mpya. Kichwa chake kielekee ekseli na kiingie sawasawa kwenye tundu la kiti chake. Kichwa hicho ndicho kinachoizuia ekseli isirudi nyuma.

*Hatua ya 9.* Weka bushi mpya, rudisha springi. Bolti za macho usizikaze mwisho kwanza. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, raba zitakuwa zimejikunja siku zote na zitakwisha haraka.

*Hatua ya 10.* Funga U-bolti mpya. Za zamani zimeshavutika, usizirudie. Kaza kwa kupishana kama msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Rudisha shokapu na tairi, shusha gari, liruke mara kadhaa, ndipo ukaze bolti za macho na sheko.

*Hatua ya 11.* Baada ya kilomita 100 kaza tena U-bolti. Baada ya 500 rudia. Watu wanasahau hili, na ndicho chanzo cha senta bolti kukatika na ekseli kwenda upande.

7. Vitu vinavyosahaulika gari likinyanyuka

*Hozi ya breki.* Ekseli ikining'inia mwisho kabisa, hozi ibaki na ulegevu. Ikikaza kama kamba ya mbuzi, nunua ndefu zaidi.

*Valvu ya breki za nyuma.* Pikapu nyingi zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli mpaka kwenye valvu ya chesisi. Kazi yake ni kujua gari lina mzigo au halina. Gari likiinama, inaruhusu breki zaidi nyuma. Ukishanyanyua springi, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, inabana breki za nyuma hata ukiwa na tani nzima. Fimbo hiyo lazima irekebishwe upya, na hii mpe fundi wa breki anayeijua. Kwa milima ya kwetu, ukiruka hatua hii umeruka uhai wako.

*Kipumulio cha difu.* Ni kibomba kidogo juu ya ekseli. Ukipita mtoni difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta hewa ndani. Kipumulio kikiwa kimeziba, au hozi yake imechomoka, difu inavuta maji. Mafuta yakitoka kama chai ya maziwa, maji yameshaingia.

*Shokapu na raba ya kugongea.* Shokapu isiwe imevutwa mpaka mwisho ekseli inaponing'inia. Na raba ya kugongea isitolewe eti gari "lipate nafasi", ndiyo inayozuia chuma kugonga chuma.

*Sheko ndefu na vitalu vya kunyanyulia.* Gari linapanda juu ila halijapata nguvu hata kidogo, na pembe ya propela inaharibika. Mbele usiweke kitalu kabisa.

8. Ekseli: unachoweza nyumbani, usichoweza

*Unachoweza.* Nyanyua tairi, likamate juu na chini, litikise. Likicheza, beringi inaomba msaada. Lizungushe ukiwa umeshika springi kwa mkono mwingine. Ukisikia mkwaruzo vidoleni, beringi imeanza kuisha. Toa ngoma ya breki; ukikuta mafuta ndani, oili sili imekufa na liningi zimeloa, hizo liningi zibadilishwe, sio kufutwa kwa petroli. Badilisha mafuta ya difu, mengi yanatumia GL-5 80W-90, ila hakikisha kwenye kitabu. Yakitoka na vipande vya chuma, simama hapo, ita fundi.

Baada ya safari yenye mzigo, sogeza kiganja karibu na katikati ya rimu zote nne, usiguse haraka. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna breki inayobana au beringi inayokufa. Ukaguzi huu ni wa nusu dakika na hauna gharama. Tungeufanya siku ile tuliposimama kunywa chai, mjukuu yule asingechechemea leo.

*Usichoweza.* Beringi ya hafu shafti ya aina ya kwanza inatolewa na kuingizwa kwa mashine ya kushindilia. Ukiigonga kwa nyundo unaiua siku hiyohiyo. Bomba la ekseli lisichomelewe vyuma vya "kuliimarisha" na mtu wa mageti, linapinda kwa joto, na shafti zinaanza kula beringi.

*Kubadilisha ekseli nzima kuwa kubwa zaidi.* Inawezekana, ila kuna mtego. Ekseli mpya lazima ilingane upana na nafasi ya viti vya springi, na kwa gari la four wheel, difu ya nyuma na ya mbele lazima ziwe na hesabu moja ya meno. Hilux moja inaweza kuwa na 4.1, nyingine 4.3, nyingine karibu 4.56. Ukichanganya ukaingiza four wheel kwenye ardhi kavu, mbele na nyuma zinagombana mpaka gia boksi ndogo ivunjike.

Kujua ni rahisi. Gari likiwa limezuiwa vizuri, gia huru, nyanyua tairi moja tu la nyuma, uchore chaki kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mizunguko 20 kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara 41 ni 4.1. Ikizunguka 43 ni 4.3. Kwa ekseli unayoinunua, zuia upande mmoja usizunguke, fanya vilevile. Dakika kumi zinakuokolea hela ya ng'ombe.

Na hata ukiweka ekseli kubwa, chesisi na breki bado ni zilezile. Uwezo wa gari unabaki ule wa kitabu.

9. Namna ya kupakia

Hii haina spana na inasaidia kuliko vyote. Tuseme umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na una mzigo wa kilo 1,000. Katikati ya mzigo ikiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inabeba kilo 1,100, na mbele panapungua kilo 100. Usukani unakuwa mwepesi, mlimani gari linakataa kukata kona. Mzigo uleule ukiusogeza ukawa sentimita 30 mbele ya ekseli, nyuma panabeba 900 na mbele 100.

Kwa hiyo vizito viwe mbele, karibu na kichwa cha gari, na chini. Nyanya zikae juu ya ekseli au mbele yake, sio mkiani ambako mrukaruko ni mkubwa. Weka majani makavu au magunia matupu sakafuni, funga matenga yasichezecheze. Na watu wasikae juu ya mzigo. Najua usafiri huku ni shida. Hata hivyo wasikae.

Kwa kifupi

1. Jua aina ya ekseli yako.
2. Pima urefu, pima mzigo, angalia matairi.
3. Rekebisha vilivyochoka kwanza.
4. Ongeza pati moja, sio nne.
5. Rekebisha valvu ya breki, hozi na kipumulio.
6. Sikiliza beringi kila wiki, pima joto kila safari.
7. Usizidishe uzito wa kitabu hata kama gari halijainama.

Baba mkubwa alitoa pati tatu kati ya zile nne, akaweka beringi mpya pande zote mbili. Ndani ya mlango wa dereva ameandika kwa chaki: MATENGA 17. Siku moja nilimuomba aniongezee gunia langu la viazi juu, nami nikiwa mgeni wake kabisa. Akanionyesha mlango, akasema, "Mwanangu, soma." Gunia langu likabaki, nikalifuata kesho yake.

Ukikagua gari lako ukakuta kitu hukielewi, niulize, au nishike mkono tukionana kijijini tukachungulie pamoja. Somo lijalo tunarudi kwenye nyanya: jinsi ya kuchagua muda wa kuvuna ili zivumilie safari. Kazi njema, na mteremke salama.